Duka la dera Islii: hapa ndipo ninaponunua mali tangu 2009

Nauza dera, mashuka na shela Nakuru, na mali yangu karibu yote inatoka duka moja la jumla Eastleigh, Nairobi, Islii kama tunavyoita. Ni dogo, marobota yamepangwa hadi darini; wateja watatu wakiingia, wa nne anangoja mlangoni.

Sijalihama kwa sababu ya kitambaa. Mwenye duka, tunayemwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, hukifungua mbele ya taa na kukivuta kwa vidole viwili, uone kama nyuzi zinaachana. Dera nyepesi ananiuzia 450, Nakuru naitoa kwa 700. Mwaka jana dera nyekundu zilichuja rangi, nikarudishiwa sita. Nilipompigia alisema, "Zilete mama, hasara ni yangu." Alibadilisha zote bila kudai risiti. Nauli hakunilipa, na nilimwambia haikunipendeza.

Baada ya kununua taslimu miaka mitatu, alianza kunipa nusu ya mali kwa mkopo. Deni linaandikwa kwenye daftari la kijani, nami natuma kwa M-Pesa kila Jumatatu. Benki niliyoiendea ilitaka hati ya shamba, na shamba sina.

Hooyo alikimbia Mogadishu 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Alianzia Garissa Lodge ilipokuwa bado gesti: mchana vyumba ni maduka, usiku watu wanalala humo humo, mali ikiwa chini ya kitanda. Leo Garissa Lodge ni maduka tu, na majumba ya biashara yameizunguka. Dukani kwake wanauza Mkamba na Msomali, fundi wa kupinda dera ni Mluhya, na anayenisukumia robota hadi stejini ni kijana wa Murang'a, namlipa 200. Nikisikia wakimbizi wametunyang'anya riziki, nawahesabu hao, kisha nawahesabu wanangu wawili waliomaliza sekondari kwa dera hizi. Wapangaji wa zamani wa Islii ndio wenye haki ya kulalamika. Kodi ilipanda, wengi wakahama, na hilo linaniuma.

Aprili 2014, wakati wa ule msako wa polisi dhidi ya ugaidi ambapo maelfu walikamatwa na wengi kupelekwa uwanja wa Kasarani, nilikuta duka lina kufuli. Yule kijana wa Murang'a alikuwa ameketi juu ya mkokoteni mtupu tangu asubuhi. Nilirudi Nakuru bila hata dera moja, na kwa wiki tatu nikauza mabaki.

Kasoro ninazoziona: bei hazijaandikwa, na ukiwa mgeni utatajiwa ya rejareja. Sema mapema unataka ya jumla, kuanzia dera sita. Ijumaa wanafunga kwa swala ya adhuhuri. Ramadhani nenda asubuhi na mapema, maana ikikaribia Idi rangi nzuri huwa zimeisha kufikia saa nne. Kutoka mjini panda matatu namba 6 au 9.