Uzoefu wangu na huduma ya kupigiwa simu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Nilipotoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho nilipewa matone, ngao ya kuvaa usiku na huduma ambayo sikuiomba: nesi angenipigia kila siku wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki mpaka wiki ya 6. Niliona ni usumbufu. Leo naiandikia kwa shukrani.

Nesi hakuniuliza tu "unaendeleaje?". Alitaka kila asubuhi, nikishanawa mikono, nifunike lile jicho lingine kwa kiganja, bila kulikandamiza, nikiwa nimekaa mahali palepale nikitazama kitu kilekile. Mimi nilichagua kalenda ya ukutani. Siku ya 2 nilisoma jina la mwezi, siku ya 3 na ya 4 nikazisoma tarehe zote. Jicho lilikuwa linakwaruza kama lina mchanga na kutoa machozi, lakini kila siku afadhali ya jana.

Siku ya 5 tarehe zilikuwa zimefifia, kama nazitazama kupitia mfuko wa nailoni. Maumivu? Kidogo sana. Nikamwambia, "Siumwi, nesi, labda sikulala vizuri." Akanijibu, "Mama, jana ulizisoma. Njoo sasa hivi, usingoje kesho."

Daktari alipomulika jicho aliona usaha mwembamba umetuama chini, mbele ya mboni. Maambukizi yalikuwa ndani ya jicho, yale wanayoyaita endofthalmaitisi. Ni nadra, na mara nyingi vijidudu hutoka kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Siku hiyohiyo walivuta majimaji kidogo ya ndani kwa ajili ya vipimo, wakanichoma antibayotiki ndani ya jicho lenyewe, kwa sababu matone peke yake hayafiki huko kwa nguvu ya kutosha. Niliogopa sindano ile kuliko upasuaji, lakini kwa ganzi nilihisi msukumo tu.

Kumbe si kila mwenye maambukizi haya huumwa. Mimi ningengoja maumivu, na kwa ugonjwa huu hata siku moja inaweza kumaliza uwezo wa kuona.

Nina malalamiko mawili. Kadi ya dalili za hatari niliyopewa iliweka maumivu makali juu kabisa, na kupungua kwa uoni mwishoni, baada ya wekundu na kuvimba kope. Ningependa uoni uwe wa kwanza, kwa herufi kubwa. La pili ni zito zaidi: namba ya dharura niliijaribu usiku baada ya sindano, ikaita mpaka ikakata. Kama jicho lingefifia saa nane za usiku, ningempigia nani?

Natoa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya simu ya usiku. Tarehe za kalenda nilianza kuzisoma tena wiki ya 3, zile nyekundu kwanza.