Programu ya simu iliyoniambia nichukue nyasi ya nepia kwa jirani

Kama uko Bungoma, Busia, Kakamega au popote huku magharibi, na umefikiwa na wale vijana wanaouza programu ya simu ya kukuchagulia nyasi za mifugo, tafadhali soma haya kabla hujaweka namba yako ya siri ya M-Pesa. Sitaitaja jina kwa sababu bado nawadai pesa yangu na sitaki wapate kisingizio. Aliye nayo ataijua.

Mimi nafuga ng'ombe wa gredi zizini. Shamba ni dogo, mahindi yanadai nafasi na nyasi zinadai nafasi. Kuanzia Desemba mpaka mvua irudi, ninanunua majani kwa watu, na maziwa yanashuka mpaka unaona haya kupeleka mtungi ushirika. Kwa hiyo niliposikia kuna kitu kinakuuliza mvua yako ikoje na udongo wako ukoje, kisha kinakutajia nyasi ya kupanda, sikuhitaji kubembelezwa. Nililipa.

Maswali yenyewe hayakuwa mabaya. Yaliuliza mwinuko, miezi ya kiangazi, kama maji hutuama shambani, kama nitakata na kubeba au nitawaachia ng'ombe wajilishe. Pale kwenye uchachu wa udongo palikuwa na kitufe cha "sijui", na hilo nililipenda, maana ni nani huku kwetu amepima udongo wake? Yote kwa Kiswahili, na inafanya kazi hata bando likiisha. Nikajibu yote. Ikaleta orodha. Ya kwanza kabisa, kwa rangi ya kijani, nepia, ile nyasi ndefu ya kukatia ng'ombe. Chini yake maelezo mafupi: ili kupunguza gharama, pata vipande vya shina kutoka kwa mkulima jirani.

Jirani yupi?

Mtu wa huku hahitaji kuambiwa. Nepia yetu ina ugonjwa wa kudumaa, na si jambo la jana. Unaikata ikiwa nzuri, imefika kifuani, unasubiri ichipue. Inachipua, lakini inatoka na vijani vidogo vya manjano, pingili fupi, vijiti vingi vyembamba vimesongamana kama ufagio. Unaweka samadi. Unapalilia. Inabaki pale pale. Ukikata tena inarudi ikiwa mbaya zaidi, na mwishowe shina lote linakufa na mizizi yake. Shamba lililokuwa likilisha ng'ombe wawili linabaki la kulisha mbuzi, na mbuzi mwenyewe anakunusia tu anaenda zake.

Chanzo chake ni fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kisicho na ukuta, kinachoishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Hakuna dawa ya kupuliza itakayokifikia humo. Watafiti wa icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, ndio waliomtambua mdudu anayekisambaza, kimdudu kidogo kirukacho kinachofyonza utomvu, jina lake la kitaalamu ni Maiestas banda. Lakini mdudu ni njia moja. Njia ya pili ni mkono wa binadamu: vipande vya shina. Kipande kilichokatwa kwenye shina gonjwa kinaondoka na ugonjwa wake ndani, na kwa kuwa dalili mara nyingi hujitokeza baada ya kukatwa, unaweza kusimama mbele ya nepia inayopendeza macho, ukachukua mzigo, ukaenda kupanda ugonjwa kwako ukishukuru jirani.

Sasa rudi usome ule ushauri. Pata vipande kutoka kwa mkulima jirani.

Najua kwa nini mashine ilisema nepia. Ukiangalia mvua yetu hapa chini ya Mlima Elgon, joto letu na udongo wetu, nepia inafaa. Ni mmea wa Afrika hii hii, unatoa majani mengi kuliko karibu nyasi yoyote ukiulisha vizuri, na miaka yote hii ndio umeshikilia maziwa ya mkulima mdogo wa Kenya. Mashine haikukosea hali ya hewa. Ilichokosa ni kujua kwamba kuna kitu kinaua mmea huo hapa ulipo, na haikuuliza. Upande wa Kati nako wana shida yao nyingine, ule ukungu mweusi wa kwenye mashuke ambao ulitangulia kuonekana huko miaka ya 1990, na ndio sababu watafiti wetu walitoa aina ya Kakamega 1 inayouvumilia. Kwa hiyo aina ya nepia ni jambo zito. Huwezi kuandika "nepia" tu ukanyamaza. Ya kustahimili ukungu si lazima istahimili udumavu. Kuna aina kama Ouma na ile inayoitwa South Africa ambazo icipe walizipata zinavumilia udumavu, na hayo ndiyo majina niliyotarajia kuyaona kwenye kitu nilichokilipia. Hayakuwepo.

Hata hapo sikukasirika. Nilifikiri ni jambo la kuwaambia, watarekebisha. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, saa ya mchana, nikitumia salio langu mwenyewe. Kijana aliyepokea alinisikiliza kidogo, kisha akaniuliza:

"Mathe, wewe ni mtaalamu wa mimea?"

Nikamwambia mimi ni mkulima, na ninachomweleza anaweza kukiona akija asimame barabarani aangalie mashamba.

"Mathe, mfumo umetengenezwa na watu wenye digrii. Hauwezi kukosea. Hiyo nepia ya majirani imekosa mbolea, ndiyo maana ni ya manjano. Weka mbolea."

Nikajaribu tena, kwa upole, nikamtajia jina la ugonjwa. Akasema nitume barua pepe. Nikamuuliza barua pepe itasomwa na nani. Akakata.

Akakata simu. Mimi ni mama mwenye wajukuu, nimelipa, nimepiga kwa pesa yangu kumsaidia asiharibu mashamba ya watu, na mtoto wa kuzaa ananiita mathe kana kwamba tumekutana kwenye matatu, ananifundisha mbolea, anakata simu. Tangu siku ile, kila nikiifungua programu hiyo hata ile rangi yake ya kijani inanichefua. Picha zake za ng'ombe wanono wa Ulaya zinanichefua. Nilisema maswali hayakuwa mabaya. Sasa nayaona ni ya mtu aliyekaa ofisini na ramani. Kuuliza mwinuko wangu ni rahisi, simu yenyewe inaujua. Kuuliza nepia ya mwenzangu ikoje ndiyo kazi.

Na hilo la mbolea limeniuma zaidi kwa sababu ndilo kosa ambalo watu wengi wameangamia nalo. Udumavu unafanana na njaa ya udongo. Mtu anauza kuku anunue mbolea, anamwagia mmea unaokufa, anangoja, anamwaga tena. Msimu unapita. Kama alikuwa ameizungushia nepia mahindi yake kwa ile mbinu ya Push-Pull ya icipe, ambapo nepia ya pembeni inawavuta nondo wa vipekecha shina na desmodiamu ya katikati, mmea wa jamii ya kunde, inawafukuza na kulikaba gugu la striga, basi amepoteza na ukuta wa mahindi yake pia. Hiyo yote kwa sababu aliambiwa "ni mbolea".

Binti yangu alipoona nimekasirika akanionyesha kitu kingine, cha bure: Tropical Forages. Hiki si cha kampuni, kilianzishwa mwaka 2005 na watafiti wa taasisi ya kilimo ya CIAT ya Kolombia, taasisi ya mifugo ya ILRI ambayo makao yake yako Nairobi, na Waaustralia wa shirika la utafiti la CSIRO na wa jimbo la Queensland, halafu kikafanyiwa toleo jipya mwaka 2020. Unajaza hali yako, kinakupa orodha ya mimea. Mpaka hapo ni kama ile niliyolipia. Tofauti iko ukibonyeza jina la mmea. Kila mmea una ukurasa wake mrefu: unakotoka, unavyopandwa, wadudu na magonjwa yake, sumu yake kama ipo, uwezo wake wa kugeuka gugu, na mwishoni nguvu zake na udhaifu wake vimetengwa. Udhaifu! Mtu anakuambia wazi mmea huu una ubaya gani. Ile ya kulipia kila nyasi ni nzuri, kila nyasi ni kijani.

Tuliusoma kwa Kiingereza, yeye akisoma na mimi nikiuliza. Si wa kusoma ukiwa na haraka. Na jiandae, majina ya kitaalamu yamebadilishwa: nepia iliyokuwa Pennisetum sasa iko chini ya Cenchrus, brakiaria, nyasi nyingine ya malisho, wanaiita Urochloa, kwa hiyo kijitabu cha zamani cha semina hakitakusaidia kuitafuta. Ukishazoea, hutaki kutoka. Kule ndiko nilikojua kwamba brakiaria ya Basilisk, mbegu inayouzwa kama kitu cha ng'ambo, asili yake ni hapa Uganda. Ilichukuliwa ikapelekwa Australia kabla ya uhuru wetu, ikazagaa Amerika ya Kusini, na sasa inaturudia kwenye pakiti. Kutoka kwangu hadi mpaka wa Uganda si mbali. Nilikaa kimya kidogo niliposikia hivyo.

Na hapa lazima niseme ukweli, ingawa sipendi. Brakiaria ilikuwa namba mbili kwenye orodha ya ile programu ya kulipia. Bila wao nisingeifikiria, maana kwetu nyasi ni nepia na basi. Inavumilia kiangazi vizuri, ng'ombe wanaila na shina lake, na Mulato II, ile chotara ya CIAT, ndiyo siku hizi inapandwa pembeni badala ya nepia kwenye Push-Pull ya maeneo makavu. Nimepanda kipande cha brakiaria msimu huu, na inakwenda vizuri. Kwa hilo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu. Kwa kweli nilishaandika tatu. Mtu aliyeandika maelezo ya nyasi kwa Kiswahili kinachoeleweka amefanya kazi kubwa, na huyo sina neno naye.

Lakini hata hapo kuna shimo. Basilisk ni ya ile jamii ya brakiaria iitwayo decumbens, na hiyo inaweza kuwadhuru kondoo na mbuzi: ini linaumia, halafu wakikaa juani uso na masikio vinavimba na ngozi kuchubuka. Kwenye ukurasa wa Tropical Forages kuna sehemu nzima ya sumu. Kwenye programu ya kulipia, neno hilo halipo, ilhali swali la kwanza kabisa waliloniuliza ni mifugo niliyo nayo. Mimi nilijibu ng'ombe. Anayejibu kondoo je? Niliijaribu tena nikaweka kondoo. Basilisk ikaja vile vile, kijani.

Tuje kwa kilichonifanya niandike. Mwenzangu mmoja katika chama chetu cha akina mama, mjane, alilipia programu hii hii, siku zile zile za vijana kupita. Yeye alifuata walivyomwambia. Aliomba vipande kwa jirani, akapewa bure, akapanda sehemu yote aliyokuwa akiotesha viazi vitamu. Iliota vizuri, alinialika nikaione. Akakata mara ya kwanza, ng'ombe wakala. Juzi juzi amenipigia simu niende tena. Ninaijua ile manjano nikiwa bado njiani. Yeye alinishika mkono akaniuliza aweke mbolea ya aina gani, kwa sababu alipiga ile namba ya huduma na kijana akamwambia ni mbolea.

Tumeng'oa mashina yaliyodumaa pamoja na wanachama wengine, mizizi na yote, tumechoma. Pale atapumzisha nepia, apande mahindi na maharagwe kwanza, na nimemwahidi vichipukizi vya brakiaria vyangu vikishakomaa, vyenye mizizi, avigawe apande ukingoni. Panga aliyokatia pale tumeiosha kwa sabuni kabla hajaipeleka kwingine. Afisa wa mifugo wa wadi amekuja, ameangalia, na amesema atafuatilia ni wapi vinapatikana vipande safi vya nepia inayovumilia. Huyo alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe na hakumwita mtu mathe.

Kwa hiyo nyota tatu nimezifuta. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya yule aliyeandika Kiswahili. Wanaoisoma hii wakiwa na uwezo wa kuwafikia wenye kampuni, wapelekeeni haya: wekeni swali moja tu, "je, kuna nepia iliyodumaa na kuwa ya manjano jirani nawe?", na picha yake, na mtu akijibu ndiyo ondoeni ule mstari wa vipande vya jirani. Andikeni aina za nepia kwa majina. Andikeni kuhusu kondoo. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa watu wenye digrii.

Wakifanya hivyo na kumrudishia mjane pesa yake, na yangu pia, nitarudi hapa niwaongezee nyota kwa mkono wangu. Ila atakayepiga kuniambia asiwe yule kijana.