TAHADHARI: Cheti cha DNA cha vifaranga wa sato "madume asilimia 100"

Wafugaji wa sato, kaeni macho. Kuna wauzaji wanaopandisha bei ya vifaranga kwa kuonyesha karatasi yenye mhuri, imeandikwa kwamba vifaranga wamepimwa vinasaba na wote ni madume. Kabla hujatuma advansi, muulize muuzaji swali moja: hao madume mmewapataje?

Akijibu kwamba wamelishwa homoni, basi ameshajikaanga mwenyewe. Homoni haibadilishi vinasaba. Kwa kromosomu za jinsi, sato jike ni XX, dume ni XY. Kifaranga anapoanza kuogelea na kula, akiwa bado hajafika milimita 14, akipewa chakula chenye miligramu 60 za methiltestosteroni (homoni ya kiume) kwa kila kilo kwa siku 21 hadi 28, anajenga korodani hata kama ni XX. Ukimtazama ni dume, na hatazaa mayai. Ila ukikata kipande cha pezi lake ukakipima kwa PCR (kipimo cha maabara kinachorudufu kipande cha vinasaba ili kionekane), atasoma XX hadi siku anaingia kikaangoni. Kundi la kawaida lililolishwa homoni barabara, likipimwa alama za vinasaba, karibu nusu yao watasoma majike. Cheti cha XY asilimia 100 kwa vifaranga wa aina hiyo hakikutoka maabara, kimetoka stesheneri.

Akijibu kwamba baba zao ni madume YY, yaani wenye Y mbili, hapo kuna la kuzungumza. Dume YY akipandishwa na jike wa kawaida, watoto wote wanakuwa XY. Hata hivyo majike wachache hujitokeza, kwa sababu jinsi ya sato haiamuliwi na jeni moja peke yake, kwa hiyo ukiahidiwa mia kwa mia, ongeza mashaka. Mwambie akuonyeshe rekodi za uzao: kila dume alipandishwa na majike wangapi, watoto wangapi walihesabiwa, madume wangapi. Kipimo kinachoonyesha tu kwamba Y ipo hakiwezi kumtenganisha YY na XY.

Wapo pia wanaosema wamechambua kifaranga mmoja mmoja kwa DNA. Kila samaki angehitaji kukatwa pezi, kutolewa vinasaba, PCR, kisha kusomwa matokeo. Kwa vifaranga 10,000 gharama hiyo inaimeza bei yao mara nyingi. Na karatasi ya kuchovya kwenye ndoo ikakwambia nani jike nani dume ni kiini macho.

Mchezo mwingine ni wa chupa moja. Vifaranga 20 wanatiwa pamoja kwenye spiriti, wanapelekwa kupimwa, majibu yanarudi: "alama ya dume imeonekana." Kweli imeonekana, maana dume mmoja kati ya 20 anatosha kuileta. Sampuli halali ni pezi la samaki mmoja kwenye kichupa chake chenye namba, ndani ya ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na mkasi unafutwa kabla ya kumshika mwingine. Kwenye picha ya matokeo lazima wawepo dume na jike waliothibitishwa kwa kupasuliwa, wa ukoo huohuo wa samaki. Wasipokuwepo, mistari inayoonekana kwenye picha hiyo haisemi kitu.

Ukoo, yaani aina ya kizazi cha samaki, ndio penye utata kuliko watu wanavyodhani. Kwa sato, eneo linaloamua jinsi limekutwa kwenye kromosomu ya 1 katika koo fulani na ya 23 katika nyingine, kwa hiyo alama iliyofanya kazi kwa sato wa Misri inaweza kukosea kwa wa kwako. Mabwawa yetu nayo yana machotara. Perege wa Wami, kwa jina la kisayansi hornorum, hutumia mfumo mwingine ambapo jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. (Ndiye yule "perege wa Zanzibar" ambaye mtafiti Hickling mwaka 1960 aliripoti kuwa dume wake akipandishwa na jike wa mossambicus (perege wa Msumbiji) huzaa madume tu.) Wazazi wakishachanganyika damu, alama ya Y ya sato haikulindi.

Njia ya kujihakikishia ni kupasua. Chota mwenyewe, pembe zote za tangi na saizi zote, usikubali ndoo iliyoandaliwa. Mara nyingi wanaobaki majike ni wale waliokuwa wameshakua mno homoni ilipoanza. Chukua 100 wenye sentimita 5 kwenda juu. Ukipasua 10 tu ukakuta wote madume, kundi bado linaweza kuwa na majike robo nzima. Ukipasua 100 bila kukuta jike, yaelekea majike katika kundi zima hawazidi takriban asilimia 3. Ndani ya tumbo, chini ya uti wa mgongo, kuna nyuzi mbili nyembamba, ndizo viungo vya uzazi. Zitoe kwa kibanio, weka kwenye kioo cha hadubini, dondoshea rangi ya asetokamini (gramu 0.5 za kamini katika mililita 100 za asidi ya asetiki ya asilimia 45, ichemshwe dakika chache, ipoe, ichujwe), funika na ubonyeze kwa kidole gumba. Jike anaonyesha viduara vilivyopangana kama mbegu za pasheni. Dume ni chembechembe laini tu.

Waliofika gramu 30 si lazima uwaue. Paka jivi (GV, ile dawa ya zambarau) chini ya tumbo, ufute: dume ana matundu mawili, jike matatu.

Malipo yagawe: nusu siku ya kupokea, nusu baada ya kupasua, na kiwango cha majike mnachokikubali kiandikwe kwa namba kwenye risiti. Neno "madume" peke yake lisikubaliwe.