Nimefungua Kompyuta ya Nyumbani Ndani ya Kivinjari: Webtop Baada ya Wiki Sita

Haya watu wangu, karibuni tena. Kabla sijagusa mambo ya bei, hebu tazameni hapa mezani. Hii ni laptopu ninayobeba kila siku, na hapa nimefungua kivinjari, tabo moja tu. Ndani ya tabo hiyo kuna kompyuta nyingine nzima, yenye saa yake, faili zake na programu zake. Kompyuta yenyewe iko Kahawa West, hapa Nairobi, juu ya kabati chumbani kwangu. Mimi leo narekodia South B kwa rafiki yangu.

Inaitwa Webtop. Inatengenezwa na kundi la LinuxServer, ni ya bure, na inaendeshwa ndani ya Docker. Docker tulishaieleza: inaendesha programu ndani ya boksi lake lililotengwa, liitwalo kontena. Sirudii zaidi. Unachagua Linux unayoitaka na sura ya deskitopu. Mimi nilichukua Ubuntu yenye XFCE kwa sababu ni nyepesi. Basi, hayo yatosha. Kuna kitu kimoja nimekuja kuwaonyesha na nina hamu nacho tangu asubuhi.

Angalieni. Nimefungua LibreOffice, hesabu za chama chetu. Mwanachama wa saba ametuma mchango wa shilingi 1500. Naingia kwenye kisanduku chake, naandika moja, naandika tano. Naacha hapo. Sijabonyeza Enter, sijahifadhi. Mnakiona kile kijimstari kinapepesa mbele ya tano? Kikumbukeni.

Sasa nazima Wi-Fi ya laptopu. Picha imeganda. Sawa. Nafunga kivinjari, nafunga laptopu yenyewe, naiweka pembeni. Nachukua simu, iko kwenye data. Naandika anwani ileile... nenosiri... subirini kidogo, mtandao huu wa South B leo unajivuta... haya! Ona! Hesabu ni zilezile, kisanduku ni kilekile, moja na tano, na kijimstari bado kinapepesa kinangoja sifuri mbili! Nazimalizia kwa simu: sifuri, sifuri. Enter.

Jamani, hiyo ndiyo sababu ya video nzima. Kwa sababu kazi haiko kwenye kivinjari. Kazi iko kule juu ya kabati, na kivinjari kinaletewa picha tu, halafu kinarudisha mibofyo yako. Ukikatika wewe, kule hakuna kilichokatika. Juzi nilikuwa kwenye matatu Thika Road, nikaanza kubadilisha umbo la video pale Githurai, mtandao ukapotea, nikashuka mjini, nikafungua tena: asilimia zimesonga zenyewe. Mtu anayefanya kazi kwa kuhamahama, leo kwa shangazi, kesho ofisini, anajua hilo lina thamani gani.

Ila kuna jambo linanikera, nalo ni Ctrl+W. Wewe unataka kufunga tabo iliyo ndani ya Webtop, kumbe kivinjari cha nje kinawahi na kufunga Webtop nzima. Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka kila mara. Halafu nikagundua kwamba nikifungua tena nakuta kila kitu kilivyokuwa, hasira ikapungua. Bado sijaipenda, lakini siogopi tena.

Sasa mashine. Watu mnadhani seva ni kitu cha mamilioni. Hii yangu ni laptopu ya mtumba nilinunua Luthuli, RAM GB 8, shilingi 9,000, kwa sababu skrini ilikuwa imepasuka. Skrini nitaifanyia nini na inakaa juu ya kabati? Na nilitaka laptopu makusudi, si deskitopu, kwa ajili ya betri. Stima ikipotea, laptopu inaendelea, na ruta nimeiwekea ile UPS ndogo. Ingekuwa deskitopu bila UPS, stima ikizima dakika moja tu, madirisha yote uliyofungua yameenda. Kontena litajiwasha lenyewe stima ikirudi, ukiwa umeliagiza hivyo, lakini kazi ambayo hukuhifadhi hairudi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ile folda inayoitwa /config iunganishe na folda halisi kwenye mashine yako siku ya kwanza. Mimi niliruka mstari huo. Nikasasisha toleo, kontena la zamani likafutwa likaja jipya, na picha za jalada za video nne zikaenda nalo. Nilikaa kitandani nikalitazama lile deskitopu tupu, nikaumia kweli. Na hata ukiunganisha folda, programu utakazosakinisha kwa apt, kisakinishi cha kawaida cha Ubuntu, ziko nje ya hiyo folda, kwa hiyo zitapotea ukisasisha. Tumia proot-apps, imo humo tayari, na inaweka programu ndani ya /config.

Nenosiri pia. Ikitoka hivyo ilivyo, haina nenosiri. Yeyote atakayefika kwenye anwani yako anaingia, na akifungua terminali anatumia sudo, yaani mamlaka ya msimamizi mkuu, bila kuulizwa chochote. Weka CUSTOM_USER na PASSWORD, na hata hapo usiiachie wazi kwenye intaneti. Watengenezaji wenyewe wanakataza. Mimi naipitishia Tailscale, mtandao binafsi unaounganisha vifaa vyangu tu, kwenye simu na kwenye laptopu, na ndiyo inayonitoa kwenye shida ya laini ya nyumbani isiyo na anwani yake ya umma. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti cha usalama mara ya kwanza kwa sababu seva imejitengenezea cheti chake yenyewe. Kwa mashine yako mwenyewe, kubali uendelee.

Najua mtaniuliza, mbona si Guacamole? Guacamole naiheshimu sana, lakini kazi yake ni tofauti: ni mlango wa kuingilia mashine nyingine kupitia kivinjari. Lazima uwe na mashine nyingine nyuma yake, inayokubali RDP au VNC au SSH, yaani njia za kuingia kwa mbali. Kama ofisini mna Windows kumi, chukua Guacamole. Kasm Workspaces nayo ni nzuri kwa watu wengi, toleo la bure linaruhusu vipindi vitano kwa wakati mmoja. Mimi ni mtu mmoja na hesabu za chama.

Video za YouTube ndani yake? Sauti inatoka, picha inakwamakwama kwenye mashine yangu hii. Maandishi na jedwali, safi kabisa. Na mkiitumia, ongezeni shm_size, yaani kumbukumbu ya pamoja ya kontena, iwe GB 1, la sivyo kivinjari cha ndani kinaweza kuanguka.

Kuanzia mwezi huu video zinatoka Alhamisi, na Guacamole ndiyo inafuata. Faili yangu ya compose, yenye mipangilio ya kuwashia kontena, iko hapo chini, saa nimeiweka Africa/Nairobi tayari. Nenosiri lililoandikwa humo ni "badilisha". Libadilisheni kabla hamjawasha.