Toyota za mkononi Dar: ya kununua kwanza mpaka ya kukimbia

Ukimuuliza mtu yeyote Dar gari gani ununue kwa mara ya kwanza atakujibu chukua Toyota, na hajakosea, shida ni kwamba jibu linaishia hapohapo. Noah ya D4, ile injini ya kupuliza mafuta ndani ya silinda nitakayoisema mbele, nayo ni Toyota. Harrier yenye namba ya usajili ya D inayokula oili kama inalipwa nayo ni Toyota. Kwa hiyo hapa napanga zile tunazokutana nazo kila siku barabarani, nikimfikiria mtu ambaye kazi yake iko Posta au Kariakoo, anaishi Goba, Chanika, Mbagala au Madale huko ambako lami inaisha kabla hujafika kwako, na hela yake ikishanunua gari hataki kuanza kukopa ya sevisi. Wale wa Harrier vuteni subira, nitawafikia.

Kwanza tujue jina lilitokea wapi. Hawa jamaa walianza na mashine za kufuma nguo. Mzee Sakichi Toyoda alikuwa na mashine ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe badala ya kuendelea kufuma kitambaa kibovu, ile maarufu ni ya 1924, na 1929 haki zake wakawauzia Waingereza wa Platt Brothers. Mwanae Kiichiro ndo akaingiza ukoo kwenye magari, kampuni ya magari ikasimama rasmi 1937. Ile akili ya mashine kujisimamisha ikahamia kwenye kiwanda cha magari, mfanyakazi wa chini kabisa akiona kasoro anavuta kamba, isipotatuliwa haraka laini inasimama. Halafu 1950 walikaribia kufilisika, watu wakapunguzwa, wafanyakazi wakagoma, Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Mimi naamini ubahili wao ulikomaa hapo, na huo ubahili ndo unaotubeba sisi Kariakoo mpaka leo, maana Toyota akishapata injini inayofanya kazi haiachi, anaibandika kwenye kila gari.

Chukua injini ya 1NZ, ile ya sisi (cc) 1500. Ipo kwenye IST, Raum, Premio, Allion, Vitz, Probox, Succeed, Fielder, Spacio, Sienta, Porte, na bado sijamaliza. Maana yake ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, kutafuta koili ya plagi au mauntingi ya injini huulizwi maswali kumi, unaonyeshwa ya mtumba, ya mchina na ya kampuni, unachagua kwa mfuko wako, na fundi wa mtaani kwako ameshaifungua mara nyingi kiasi kwamba anaijua kwa kupapasa. Ndo maana kabla ya kuuliza gari gani uliza injini gani. Maneno yangu yote huko chini yanasimama juu ya hilo.

Kwa hapa Bongo jina lilijengwa na vipanya. Biashara ya nje ilipolegezwa enzi za mzee Mwinyi, Hiace za mtumba zikaingia zikawa daladala, watu wakaziona zinabeba mara mbili ya uwezo wake, zinapita mashimo ya Tandale na Manzese, kesho yake saa kumi na moja alfajiri ziko tena kituoni. Baada ya hapo nani angekwambia ununue kitu kingine? Na Japani kwenyewe gari mpya ikitimiza miaka 3 inapelekwa ukaguzi, halafu kila baada ya miaka 2, gharama zinapanda, Mjapani anaona bora auze. Ndo hizo zinazoshuka bandarini kwetu zikiwa bado na pumzi.

Haya, tupange.

Namba moja ni IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, na wanaosema imekuwa nyingi mno kama daladala wanasema kweli lakini wingi ndo sifa yenyewe. Iko ya sisi 1300 yenye 2NZ na ya 1500 yenye 1NZ, zote zina taimingi cheni siyo mkanda, na giaboksi ni otomatiki ya kawaida ya gia 4, siyo CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabu. Iko juu kidogo kuliko Vitz kwa hiyo matuta ya mtaani haikwaruzi sana. Ikiwa mzima wa afya na hukai kwenye foleni ya Mwenge kila siku, kilomita 12 hadi 14 kwa lita ni jambo la kawaida. Kasoro zake mbili. Ya kwanza wezi wanaipenda kuliko wewe, saidimira, taa, swichi za pawa windo, ukilaza nje bila geti asubuhi utaikuta inakuangalia bila macho, kwa hiyo weka bajeti ya kuchora namba kwenye vioo na kufunga nati saidimira. Ya pili, nyingi sana zimepiga kazi ya teksi za mtandaoni, zinatembea asubuhi mpaka usiku wa manane, halafu zinaoshwa, zinawekewa makava mapya ya viti na kuuzwa "ya mdada, anaendea kazini tu". IST ya pili iliyotoka 2007 ni nzuri kwa sura na ndani imetulia, ila ya 1500 ina CVT, nitaisema hiyo CVT mbele kidogo.

Namba mbili naweka Raum ya 2003 kuendelea na najua watu watanicheka. Gari ya kina mama, mara sijui haina mvuto. Sikilizeni, ina 1NZ ileile na giaboksi ileile isiyo na mambo mengi, na mara nyingi inauzwa chini ya IST ya umri huohuo kwa sababu tu vijana hawaitaki. Upande wa kushoto haina nguzo katikati, mlango wa mbele ukifunguka na wa nyuma ukitelezeshwa unapata uwazi wote ule, mzee mwenye magoti mabovu anaingia bila kuinama, godoro dogo linaingia, mtoto na kiti chake anaingia. Kagua tu ule mlango wa kuteleza, ufungue na kuufunga mara kadhaa, ukikwama kwenye reli au ukilia jua kuna kazi, na ukiona pengo lake na bodi halilingani juu na chini basi gari iliwahi kugongwa ubavuni.

Premio na Allion, ambazo ni mapacha waliozaliwa 2001, nazipa namba tatu. Ukitaka gari ya heshima, ya kwenda nayo ukweni, hiyo hapo. Lakini kuna mtego. Ya sisi 1500 ni 1NZ, beba. Ya 1800 ya miaka ya mwanzo ina 1ZZ, nzuri ila za mwanzoni zilijulikana kwa kula oili, kwa hiyo stiki ya oili utaiangalia wewe kwa macho yako, usiletewe habari. Ya 2000 ya hayo matoleo ya kwanza ndo ina D4, injini ya 1AZ-FSE, iache palepale ilipo hata dalali akikupunguzia mpaka ukaona aibu. Toleo la 2007 ni zuri sana ila nalo ni CVT, na kodi yake ukiagiza mwenyewe inauma.

Sasa CVT. Siyo mbaya, ni kwamba inataka oili yake yenyewe na fundi mwenye adabu. Gereji nyingi za vichochoroni oili ya giaboksi ni moja tu, ile nyekundu, wanamimina kila gari, na CVT ukiimiminia hiyo ATF ya kawaida kwa muda inaenda vizuri tu halafu inaanza kuteleza, unakanyaga injini inapiga kelele na gari haiendi. Ukinunua CVT iliyokwishatumika Dar, chomoa stiki ya giaboksi kama ipo, nusa. Ikinukia kuungua ondoka.

Vitz namba nne. Tangu 1999 haijawahi kuwa gari mbaya, Ulaya ikiitwa Yaris ilishinda tuzo ya gari bora la mwaka 2000. Mafuta inanusa. Ila ya sisi 1000 ukiwa na watu wanne na AC unapandisha mlima wa Goba utajua hujui, na chini iko karibu na ardhi, msimu wa masika barabara zetu za ndani zinakuwa mito. Kwa mtu wa Sinza au Kinondoni naipandisha mpaka namba mbili, kwa mtu wa Madale hapana.

Probox ingekuwa juu zaidi kama tunapanga kwa akili tupu. Wajapani waliitengeneza iwe gari ya kazi, ukiwa na duka au unasambaza mayai usiangalie pembeni, chukua hiyo. Tatizo mpaka leo hapa mjini ukiwa nayo mtu atakuuliza unauza nini.

Passo nayo ilitengenezwa na Daihatsu, siyo Toyota mwenyewe. Silinda 3 ile ya 1000, inatetemeka ukisimama kwenye taa nyekundu za barabarani, ndivyo ilivyo siyo ugonjwa. Nafuu, mafuta kidogo, ya kujifunzia gari inafaa. Lakini wanaodhani ile nembo ni msahafu wakumbuke Desemba 2023 Daihatsu hao hao walikiri kuchezea majaribio ya usalama ya magari, uchunguzi ukagusa modeli 64 zikiwemo zinazouzwa kwa jina la Toyota, wakasimamisha kupeleka magari sokoni. Na 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alikaa mbele ya Bunge la Marekani kuomba radhi kwa mambo ya pedali na magari yaliyorudishwa kwa mamilioni. Jina zuri, watu ni watu.

Za kukimbia. Noah na Voxy za 2001 mpaka 2007 zenye D4, RAV4 ya sisi 2000 ya kizazi cha pili nayo angalia, nyingi za soko la Japani ni injini hiyohiyo. D4 inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuzisafisha, masizi yanajaa, gari inaanza kumisi ikiwa imesimama, pampu ya presha kubwa nayo ikifa bei yake utaitisha kikao cha familia. Japani kwenye mafuta safi na mafundi wake ni injini ya maana, huku kwetu wengi zimewashinda. Harrier: ya sisi 3000 ni injini tamu, ila inakunywa wese, na mkanda wa taimingi usipobadilishwa kwa wakati ni balaa. Ya 2400 za miaka ya 2000 zina tabia ya kula oili na nyuzi za bolti za silinda hedi kuachia, ikipata joto mara moja tu wewe na fundi mtakuwa marafiki wa kudumu. Ukiwa na hela ya Harrier na ya kuitunza nunua, sijakataza. Ukiwa na hela ya Harrier tu, chukua Premio na chenji.

Ukienda kuona gari, nenda asubuhi na mwambie muuzaji mapema, "boss naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto ameficha kitu, mara nyingi moshi wa bluu wa ile asubuhi. Washa swichi bila kupiga stata, taa ya cheki injini lazima iwake kisha injini ikishanguruma izimike, isipowaka kabisa ujue kuna mtu amechomoa balbu. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu kama mayonesi chini yake, maji yamekutana na oili. Angalia rejeta ina kulanti au maji ya bomba, na uliza kama themostati ipo, mafundi wetu wana ugonjwa wa kuichomoa. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake kabisa, gari iliyowahi kuzama kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani itakuonyesha mstari wa tope hapo, hakuna anayekumbuka kuosha mwisho wa mkanda. Kilomita za kwenye dashibodi usizihesabu, angalia raba ya pedali na usukani vimechakaa kiasi gani.

Kuagiza au kuchukua ya hapahapa? Ukiagiza omba karatasi ya mnada, gredi 4 au 4.5 iko safi, R au RA iliwahi kupigwa ikatengenezwa. Piga hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti, kuna ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na hizi za zamani zina ushuru wa uchakavu juu yake, kodi inaweza kulingana na bei ya gari au kuipita. Na redio ya Kijapani ya zamani inaishia masafa ya 90, skrini nayo itadai diski ya ramani kwa Kijapani mpaka uizoee.

Ukichukua ya hapahapa ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini zilizolala, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, mkataba usainiwe kwa wakili na umiliki ubadilishwe TRA mara moja. Dalali akisema "kadi iko kwa shemeji yake Moshi itakuja wiki ijayo", na hela nayo itakuja wiki ijayo.