Klampu mita ya DC: miezi minne nayo, na amplifaya iliyokuwa inanimalizia betri

Kabla sijaisifia hii klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya kwa taya) nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nahisi utawaokoa watu kuliko sifa zote ntakazoandika huku chini. Klampu yangu ya kwanza haikuwa hii. Nlinunua ile ya mafundi umeme wa nyumba, nzuri tu, taya kubwa, imeandikwa ampea 600, nikaibana kwenye waya wa betri gari ikiwa imezimwa ikasoma 0.00. Nikashangilia. Nikasema basi gari haina shida, betri ndo feki, nikaenda kununua nyingine mpya kabisa, na Jumatatu iliyofuata nazungusha ufunguo nasikia tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, kimya.

Kumbe ile inapima ampea za AC tu, yani umeme wa majumbani. Ukiangalia swichi yake upande wa ampea kuna alama ya wimbi peke yake, hakuna kile kimstari kilichonyooka chenye vimstari vifupi chini yake. Ndani ina koili inayosubiri umeme unaogeuka-geuka, na umeme wa betri haugeuki, unaenda upande mmoja tu, ndo huo DC, kwahiyo hata zikipita ampea 50 pale yenyewe inakwambia sifuri bila aibu. Hizi za DC zinatumia sensa ya Hall inayohisi usumaku wa waya wenyewe, ndo maana bei yake imechangamka. Na msidanganyike na volti, volti za DC karibu zote zinapima, cha kuangalia ni AMPEA za DC.

Haya, shida ilivyoanza. Nlifungiwa sabufa na amplifaya, mziki mzuri kwakweli sina neno, ila baada ya hapo kila Jumatatu asubuhi gari haiwaki. Katikati ya wiki inawaka, kivivu lakini inawaka. Nikarudi kwa fundi aliyenifungia, akaniambia bosi betri za siku hizi hazina maisha, badilisha. Nikabadilisha. Ikawa vilevile, nikabadilisha tena, ndo hiyo ya juu. Multimita ya kawaida nlikuwa nayo, na unaweza kupima nayo kabisa kwa kuchomoa waya hasi wa betri na kuipitisha katikati, ila mimi nlijaribu mara mbili. Mara ya kwanza mtoto akageuza ufunguo nikiwa nimeinama hapo mbele, fyuzi ya 10A ya ndani ya mita ikaenda. Mara ya pili ikafanya kazi ila kila ukichomoa betri gari inaamka upya, saa inafutika, vidude vyote vinaanza kujipanga, na wakati mwingine kile kilichokuwa kimeganda kikila chaji kinajirekebisha kwa kuchomolewa tu, alafu unapima unakuta hamna kitu unabaki unashangaa.

Hapo ndo klampu ya DC inapolipa. Huchomoi chochote, unabana waya unasubiri.

Hii yangu ina renji mbili za DC, ndogo inaishia ampea 4 na inasoma mpaka miliampea 1, kubwa inaishia 80. Haina sifa za 600 wala 1000 na mimi nadhani ndo uzuri wake. Zile kubwa nyingi zinasoma kwa hatua ya 0.1, yani miliampea 100 ndo kitu kidogo kabisa zinachokiona, wakati gari nyingi nzima zikiwa zimelala zinakula kama miliampea 20 mpaka 50 tu. Ni kama kupima uzito wa chumvi kwenye mzani wa magunia. Kama tayari unayo kubwa kuna ujanja, zungusha waya mara 5 ndani ya taya alafu gawa jibu kwa 5, inasaidia, ila waya wa betri haukunjiki hivyo utaishia kulia.

Siku ya kupima nlifungua boneti, nikafungua mlango wa dereva nikakisukuma kitasa kwa bisibisi mpaka kikajifunga ili gari idhani mlango umefungwa (ukimaliza vuta mshikio kwanza kabla hujaubamiza mlango, msinilaumu), buti nalo hivyohivyo kwa sababu ya taa yake, nikalock na kuweka funguo mbali. Waya hasi kwenye betri yangu ziko mbili, moja inaenda kwenye injini moja kwenye bodi, nikazibana zote kwa pamoja, ukibana moja utakosa kinachopita kwenye nyingine. Mita ilianza na 5 na kitu, ikashuka 2.6, nikakaa nikanywa maji nikarudi, baada ya kama dakika 25 ikatulia kwenye 1.38 na haikushuka tena. Hilo la kusubiri ni muhimu, gari za sasa kompyuta zake zinalala kwa zamu, nyingine dakika 10 nyingine zaidi ya nusu saa, ukipima dakika ya pili ukaona ampea 3 utaanza kung'oa vitu visivyo na hatia.

Ampea 1.38 inaonekana ndogo. Piga hesabu: Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 1 asubuhi ni masaa 61, mara 1.38 unapata kama ampea-saa (Ah) 84, na betri yangu ni ya 60Ah. Yani haifiki hata Jumatatu, Jumapili mchana ishakufa. Usiku mmoja wa kawaida inapoteza kama 14 hivi, ukiendesha asubuhi altaneta inarudisha kiasi, ndo maana katikati ya wiki nlikuwa nawaka. Miezi yote hiyo gari ilikuwa inaniambia tatizo nami siku zote namtukana mwenye duka la betri.

Sasa kumjua mwizi. Uzuri wa amplifaya ni kwamba waya wake mwekundu mnene unatoka betri moja kwa moja, kwahiyo unaubana wenyewe peke yake na hakuna cha kubahatisha. 1.35. Zilizobaki 0.03 ndo gari yenyewe, ambayo ni safi tu. Sikuhitaji kuchomoa fyuzi moja moja.

Mtu atauliza si ungeona taa ya amplifaya inawaka? Ningeona kama ingekuwa inaonekana, yangu imefungwa nyuma ya boksi la sabufa, kitaa chake kinaangalia ukutani. Na amplifaya inaweza ikawa macho usiku kucha bila kutoa hata mlio kwa sababu redio imezimwa haina cha kuipelekea. Nlipoingiza mkono kule nyuma bodi yake ilikuwa ya uvuguvugu, gari imelala tangu jana yake. Huo uvuguvugu ndo betri yangu.

Klampu hii ina nyaya za kupimia volti pia kwahiyo nikaendelea nayo hiyohiyo, nyeusi kwenye GND (hasi) ya amplifaya, nyekundu kwenye REM (sehemu ya waya wa rimoti). Funguo ziko mfukoni, redio imezimwa, REM inasoma 12.4. Inatakiwa iwe sifuri. Huo waya wa rimoti ndo swichi ya amplifaya, ukiwa na volti 12 inaamka, ukikosa inalala, haina akili nyingine zaidi ya hiyo. Nikauchomoa, waya mwekundu ukashuka papo hapo, maana yake amplifaya yenyewe nzima, kama ingeendelea kula na REM imetoka basi ingekuwa imeharibika ndani. Tatizo lilikuwa kwa anayeituma.

Nikachomoa redio. Ule waya wa bluu wenye mstari mweupe, ambao ndo kazi yake kuamsha amplifaya redio ikiwaka, umevingirishwa teipu vizuriii, haujatumika. Waya wa REM umeunganishwa na wa njano. Wa njano ni wa betri moja kwa moja, upo hai siku zote kwa ajili ya kutunza saa na stesheni, mwekundu ndo unafuata ufunguo. Sitaki kusema fundi alikusudia, nahisi aliogopa ule wa bluu tupu ambao ni wa antena na kwenye baadhi ya redio unatoa umeme ukiwa kwenye FM tu, ukiweka flashi amplifaya inazima, mteja anarudi analalamika. Akaona njia ya mkato haitamrudishia mteja. Nimerudi mara tatu.

Nikahamisha kwenye bluu-nyeupe, nikafunga kila kitu, nikasubiri tena zile dakika 25. 0.11.

Na hapa ndo nataka msomaji wa hii rivyuu anielewe. Klampu ya hatua ya 0.1 ingenionyesha 0.1, ningesema aah hiyo ni mita tu inapepesa, nikafunga boneti. Hii ikanionyesha 0.110 kwenye gari na 0.082 kwenye waya mwekundu, na amplifaya imelala kweli, nimegusa baridi. Iliyobaki kwenye ule waya ni kapasita, lile dude la mviringo linalotunza chaji kwa ajili ya amplifaya, lenye namba za bluu zinazoonyesha volti, zile namba zilikuwa hazizimi. Miliampea 82 peke yake sio kitu ukiendesha kila siku, ila jumlisha na za gari, kwa siku ni kama 2.6Ah, baada ya wiki moja na nusu, nusu ya betri imeondoka na hapo kuwaka ni bahati. Nikaitoa. Gari ikabaki 0.028. Mziki sijasikia tofauti yoyote, na nlisikiliza kwa makini kwa sababu nlilipia. (Ukitoa kapasita usiguse ncha zake hovyo, ina chaji bado, imalize kwa balbu ndogo ya 12V, na wakati wa kuirudisha pitisha kwa hiyo balbu hivyohivyo la sivyo cheche yake utaikumbuka.)

Mabaya yake sasa, maana yapo. Sifuri inahama. Unabonyeza kitufe cha ZERO inasoma 0.000, unaigeuza upande inasoma 0.006, ni usumaku wa dunia na wa vyuma vya gari, kwahiyo lazima uizeroishe ikiwa imekaa palepale na mkao uleule utakaopimia, taya zimefungwa, alafu ndo ubane waya bila kuigeuza. Mwanzoni nlikuwa nazeroisha mkononi nikapata namba za ajabu mpaka za hasi. Namba ya hasi kwenyewe sio kosa, ni mshale wa kwenye taya umeangalia upande mwingine. Kero kubwa zaidi ni kujizima baada ya dakika 15 wakati gari inalala kwa 25, unarudi unakuta kioo cheusi. Kuna namna ya kuizuia, unashikilia kitufe fulani wakati unaiwasha, ila kijitabu kimeandikwa kwa herufi za chungu nimeigundua wiki ya tatu. Taya ziko ndogo, waya mnene wa amplifaya unaingia vizuri ila zile nyaya mbili za hasi kwa pamoja nimezibana kwa shida. Taa ya kioo hafifu, kwenye buti usiku utashika tochi.

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa nne na nusu kama isingejizima.

Ila usikimbilie kununua kabla hujaangalia vya bure. Zima gari, toa ufunguo, nenda kaangalie taa ya amplifaya, kama bado inawaka baada ya dakika chache huna haja ya klampu, pima REM kwa multimita yoyote au hata balbu ya kupimia. Kama amplifaya yako inajiamsha kwa kusikia spika bila waya wa rimoti, angalia redio ya gari inazima saa ngapi, nyingine zinaendelea mpaka ufungue mlango. Kama kuna rilei (kile kiswichi kinachoendeshwa na umeme) kwenye REM igonge kidogo, zinaganda. Na kama betri ishakauka mara nyingi kama yangu ikapimwe kwa mzigo, hizi za kuwashia gari hazipendi kuishiwa kabisa, unaweza kumkamata mwizi na betri bado ikakataa. Klampu ni ya pale ambapo hayo yote umeangalia na kila Jumatatu bado unaomba jirani akubusti.

Mwezi uliopita niliiacha gari siku 9 bila kuigusa. Nlivyorudi nikapima kabla ya kuwasha, 12.52. Kapasita ipo kabatini, kama kuna anayeitaka kwa ajili ya zile taa za bluu aje achukue.