Siku kumi za ngoma, rangi na maigizo: tathmini ya kambi ya likizo ya watoto Bagamoyo

Likizo ya Juni mwaka huu niliwapeleka wanangu wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6, kwenye kambi ya sanaa ya watoto mjini Bagamoyo. Kambi ilidumu siku kumi za kazi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na ada yake ilikuwa shilingi 160,000 kwa kila mtoto, pamoja na uji wa asubuhi, chakula cha mchana na vifaa vyote. Tulifikia kwa dada yangu, kwa hiyo niliweza kukaa pembeni asubuhi nyingi na kuona kazi ilivyokuwa ikiendelea, nafasi ambayo hana mzazi anayemshusha mtoto getini na kuanza safari ya kilomita 70 hivi kurudi Dar es Salaam. Jina la kambi silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuzizungumza na waandaaji ana kwa ana, nao walinisikiliza vizuri.

Kwa mzazi anayetafuta kambi ya namna hii, Bagamoyo ina jambo ambalo miji mingi haina. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na leo ndicho Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba, yaani marimba ya vidole, na zeze kwenye majukwaa ya nchi nyingi, aliishi na kufanya kazi katika mji huu hadi alipofariki mwaka 2003. Matokeo yake ni kwamba mjini hapa kuna watu wengi ambao sanaa ndiyo kazi yao ya kila siku, na kambi ndogo isiyo na fedha nyingi inaweza kumpata mpiga ngoma wa kweli badala ya kijana wa kujitolea mwenye spika na simu. Kambi yetu ilikuwa na walimu sita kwa watoto 42. Hawakutosha, lakini kila mmoja wao alikuwa na fani aliyoijua kwa mikono yake.

Nianze na ngoma, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nione kwamba ada yangu haikupotea. Juni ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na ngozi ya ngoma iliyolala nje ya banda huamka imelegea kwa unyevu. Mwalimu hakuzikausha ngoma mapema ili watoto wazikute tayari. Aliwasubiri, akawaketisha nyuma ya mstari aliouchora mchangani kwa fimbo, akawasha makuti, akaweka ndoo ya maji kando, kisha akaanza kuuzungusha msondo, ile ngoma ndefu, karibu na moto, akiugonga kwa vidole kila baada ya muda mfupi. Watoto walitakiwa kufumba macho na kunyoosha mkono pale watakapoona ngoma imekaza. Wa kwanza walinyoosha mapema mno, akawaambia wasikilize tena. Binti yangu aliponyoosha mkono aliulizwa amejuaje, naye akajibu, "Mwanzo ilikuwa inasema bu, sasa inasema di." Mwalimu akaurudia msondo mara mbili, akakubali, akampa chapuo, ngoma ndogo, awe wa kwanza kupiga siku hiyo. Kuanzia hapo zoezi hilo lilifanyika kila asubuhi, na kufikia siku ya sita watoto walikuwa wakiambizana wenyewe kwamba ngoma fulani bado haijakaa sawa.

Katika uchezaji, kambi ilichagua kwa busara. Mdundiko wa Wazaramo, ambao ni watu wa pwani hii hii, huchezwa kwa kutembea, na hilo linawafaa watoto, kwa sababu hata yule mwenye aibu akiwa katikati ya msafara hujikuta miguu imeanza kufuata. Walitoka nao getini, wakapita njia ya mchanga, wakarudi, na majirani wakatoka vibarazani kuwatazama. Sindimba ya Wamakonde ilifundishwa kwa kikundi cha wakubwa tu, na mwalimu alieleza kwanza ilikotoka na namna inavyochezwa katika jamii yenyewe kabla ya mtoto yeyote kukunja goti. Nilifurahi sana kwa hilo, kwa maana nimeshuhudia sherehe za shule ambamo watoto hufungwa kanga kiunoni na kuamrishwa watikisike bila kuambiwa wanachocheza ni nini. Njuga walizitengeneza wenyewe kwa vizibo vya soda vilivyopondwa na kutungwa kwenye waya. Kayamba za matete ziliwashinda wengi, lakini walizijaribu.

Uchoraji ulifundishwa kwa mtindo wa Tingatinga. Mwalimu aliwasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, na aliyefariki mwaka 1972 akiwa ameacha wanafunzi walioiendeleza kazi yake. Kila mtoto alipewa kipande cha hadibodi, na siku nzima ya kwanza ilikwenda katika kupaka usuli wa rangi moja na kuuacha ukauke. Wapo waliolalamika, hasa waliozoea rangi za maji. Kesho yake walipoanza kuchora mnyama juu ya usuli uliokauka vizuri, waliona wenyewe kwa nini walisubirishwa. Kazi ya kwanza ilikuwa twiga kwa kila mtu, na niliingiwa na hofu kwamba tungerudi nyumbani na twiga 42 wanaofanana. Bahati nzuri kazi ya pili ilikuwa huru. Binti yangu alichora bajaji iliyojaa samaki, dereva hayumo, samaki wote wana madoa na wote wanatazama upande mmoja. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwetu, na sijaitundika kwa sababu tu ni ya mwanangu.

Hata hivyo uchoraji ndio uliokuwa na kasoro ya kwanza niliyoiona kuwa nzito. Rangi za mafuta husafishwa kwa tina (thinner), na kwa siku mbili za mwanzo kazi hiyo ilifanyika ndani ya chumba chenye madirisha mawili madogo, huku watoto hawana aproni wala glavu. Watoto wawili walilalamika kuumwa kichwa. Baada ya wazazi kusema, darasa lilihamishiwa chini ya mwembe, na kuanzia hapo hapakuwa na tatizo, lakini mtu anayepokea watoto wa miaka sita hapaswi kungoja mzazi amwambie kwamba tina inahitaji hewa. Anayempeleka mtoto kwenye kambi yoyote yenye uchoraji aulize mapema ni rangi ya aina gani itatumika na wapi, na amfungie mtoto shati la zamani la baba yake.

Alasiri mbili walikuja kufundishwa kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka na makapu, na bibi mmoja wa mtaa wa jirani, ambaye hakuongea sana. Aliwawekea ukindu uliopakwa rangi, akawashika vidole mmoja mmoja. Wengi waliishia shubiri moja ya ukili uliopinda.

Kilichonigusa kuliko vyote ni maigizo. Kikundi cha binti yangu kilikuwa na watoto 11, na mwalimu wao, dada mmoja mtulivu sana, hakuwapa maandishi ya kukariri. Aliwaketisha, akaita "Paukwa!", wakaitikia "Pakawa!", akawaanzia hadithi ya fisi aliyekabidhiwa ulinzi wa kisima wakati wa ukame, kisha akanyamaza pale fisi alipoanza kuwatoza wanyama wenzake kabla ya kuteka. Kuanzia hapo hadithi ilikuwa yao. Kwa siku mbili walibishana kuhusu mwisho. Wapo waliotaka fisi afukuzwe kijijini, wapo waliotaka apigwe, na mvulana mmoja, ambaye hadi siku hiyo sikuwahi kusikia sauti yake, alisema kwamba fisi alikabidhiwa kisima peke yake usiku na mchana, na hakuna aliyempelekea chakula, sasa walitaka aishi kwa nini? Walinyamaza wote. Mwalimu hakumsifu wala hakuwaambia wengine kwamba mwenzao yuko sahihi, bali aliwauliza tu, "Sasa tufanyeje?" Waliamua kuwe na baraza la wanyama, kila mnyama aseme, na fisi naye apewe zamu ya kusema. Mchezo wote uliishi ndani ya baraza hilo.

Faida ya kutokariri ilionekana siku ya maonesho. Msichana aliyecheza sungura alisahau kabisa alichotaka kusema, akasimama kimya mbele ya watu, na mwenzake aliyekuwa kobe akamgeukia akamwambia, "Sungura, jana ulikunywa maji, sema ulilipa nini." Sungura akasema alilipa, akataja na alicholipa, mchezo ukaendelea, na wazazi waliokaa mbele hawakujua kwamba kuna jambo lililokwama. Mtoto aliyekariri mistari asingeweza kuokolewa namna hiyo.

Maonesho yenyewe, kwa masikitiko, yaliandaliwa vibaya. Yalipangwa kuanza saa tisa alasiri. Mgeni rasmi alichelewa, na waandaaji wakaamua kumsubiri, hivyo yakaanza karibu saa kumi na moja. Kwa muda wote huo watoto walikaa kwenye viti vya plastiki, nyuso zimepakwa rangi, wadogo wakiambiwa wasinywe maji mengi ili wasiombe kwenda chooni katikati ya shughuli. Zikafuata hotuba tatu. Kisha, badala ya mdundiko walioufanyia kazi siku kumi, kikundi cha wadogo kilitangulizwa kucheza wimbo wa bongo fleva uliopigwa kwenye spika kubwa, waliofundishwa siku mbili za mwisho kwa lengo la kumchangamsha mgeni. Spika hizo hazikuzimwa vizuri hata zamu ya ngoma ilipofika, na ule msondo uliokuwa ukikazwa kwa moto kila asubuhi hukuweza kuusikia kutoka safu ya nne. Maigizo yalianza saa kumi na mbili kasoro, mwanga unakwisha, uwanjani kuna taa moja, na baraza la wanyama likakatizwa kabla fisi hajamaliza kujieleza. Binti yangu, aliyekuwa fisi, alilia njia nzima hadi kwa mama yake mkubwa.

Nililieleza jambo hili kwa waandaaji kwa uzito wake. Mgeni rasmi anaweza kuingia katikati ya maonesho na kupewa kiti, wala heshima yake haipungui. Mtoto aliyepewa siku kumi aitengeneze hadithi, kisha akanyimwa dakika tano za kuimaliza, anafundishwa kwamba kazi yake ilikuwa pambo la shughuli ya watu wazima, na hilo linabomoa kile ambacho walimu wake walikijenga asubuhi baada ya asubuhi.

Jambo jingine la siku hiyo lilishughulikiwa vizuri, nalo nalitaja kwa kuwa linasumbua maonesho mengi ya watoto. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa, na ngoma ilipoanza wazazi wakainuka na noti kwenda kuwatunza watoto wao. Baada ya dakika chache kukawa na watoto wenye elfu kumi kumi kwenye nywele, na pembeni yao wengine ambao hawakuwa na mtu uwanjani, wanacheza huku wakitazama noti za wenzao. Mwalimu wa ngoma, bila kusimamisha mdundo, alimtuma mtoto mmoja aweke kapu la ukili mbele ya ngoma, akaonyesha kwa mkono, na watu wakaelewa. Zilizopatikana ziligawiwa sawa kwa watoto wote 42 kesho yake.

Kuhusu mwanangu mdogo, nakiri kwamba kambi haikumfaa. Tangazo lilisema watoto wa miaka 6 hadi 14, lakini ratiba ilipangwa kwa kumfikiria mtoto wa miaka tisa na kuendelea. Kipindi cha saa moja na nusu cha uchoraji kilimchosha, hapakuwa na mahali pa kulala baada ya ubwabwa wa mchana, na siku ya nne aliniomba abaki na binamu zake, nami nikamkubalia. Mwalimu wa saba, wa kukaa na wadogo pekee, angebadilisha mengi. Chakula kilikuwa safi na cha kutosha, vyoo vilisafishwa kila siku, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaribia bahari bila mtu mzima.

Kambi nyingine itafanyika likizo ya Desemba, na waandaaji wameniambia kwamba maonesho yataanza saa nane bila kumsubiri mtu. Binti yangu nimekwisha kumwandikisha. Sharti lake ni moja tu, kwamba kabla ya hadithi mpya wapewe kwanza nafasi ya kumaliza ile ya fisi, na yule dada wa maigizo amekubali.